[UZI] Lynn Easton wa The Kingsmen: tusi la sekunde ya 54, miezi ya FBI, na dramu iliyookoa "Louie Louie"

Santuri45 ameandika:

Wakuu, kila wimbo huu ukitajwa watu hukimbilia kwa mwimbaji. Alisema nini? Alitukana au hakutukana? Huu uzi ni wa aliyekaa nyuma, mpiga dramu.

Kwa wasioijua habari. The Kingsmen walikuwa vijana wa Portland, Oregon. Jack Ely aliimba na kupiga gitaa, Mike Mitchell gitaa la solo, Bob Nordby besi, Don Gallucci kinanda, Lynn Easton dramu. Tarehe 6 Aprili 1963 waliingia studio ndogo ya mjini kwao, Northwestern, wakarekodi "Louie Louie" ya Richard Berry. Ilikuwa saa moja ya studio na gharama haikuzidi dola 50. Kabla mwaka haujaisha, santuri ilikuwa namba 2 kwenye chati ya Billboard, ikakaa hapo jumla ya wiki 6. Iliyowazibia namba 1 kwa wiki kadhaa ni "Dominique", wimbo wa mtawa wa Ubelgiji. Mtawa juu, "wachafu" chini yake.

Sasa sikiliza kwa makini karibu na sekunde ya 54. Nyuma ya mwimbaji kuna mtu anapiga ukelele. Ni Easton. Kijiti kilimponyoka, akatoa tusi la Kiingereza la herufi nne, lile zito kuliko yote, na baadaye akalikubali. Redio za Marekani zikalipiga hewani mchana kweupe mwaka mzima. Wazazi, gavana na FBI (shirika la upelelezi la Marekani) wakachambua maneno ya Ely, ambayo hayana tusi hata moja. Ni baharia anamsimulia mhudumu wa baa kwamba amemkumbuka mpenzi wake na anasafiri siku kadhaa baharini kumfuata. Basi.

Wenye utaalamu wa dramu, studio na mikataba karibuni. Porojo za "nasikia walitukana" peleka jukwaa la vichekesho.

---

FundiMitambo ameandika:

Nianze na studio, maana tusi na utata wote wa maneno vinatokana na jinsi vipaza sauti vilivyowekwa.

Kipaza sauti cha mwimbaji kilining'inizwa juu, karibu na dari. Ely alilazimika kuinua shingo na kusimama kwa ncha za vidole ili apige kelele kuelekea juu. Ongeza waya za kunyooshea meno alizokuwa nazo. Ongeza pia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo bendi ilipiga wimbo huohuo mmoja kwa dakika 90 bila kukatiza. Koo gani lingebaki?

Hesabu ndiyo hii. Mwimbaji akiwa sentimita 15 kutoka kwenye kipaza sauti, sauti yake inatawala. Msogeze mpaka sentimita 90, umbali umeongezeka mara 6, na sauti yake inashuka karibu desibeli 15. Dramu haikushuka kitu, iko palepale inanguruma. Ukifungua kipaza sauti zaidi ili umpate mwimbaji, unafungua na dramu, matoazi na kila kilichomo chumbani. Konsonanti ndizo hufa kwanza, maana "t", "k" na "s" zina nguvu ndogo na zinaishi eneo lilelile la masafa ya juu ambako toazi linatawala. Zinabaki irabu tu. Ukipewa irabu tupu, ubongo unajaza konsonanti unazozitaka wenyewe. Kijana wa miaka 15 atajaza nini? Mnajua.

Kuhusu tusi: haikuwa rekodi ya njia nyingi ambapo dramu ina utepe wake unaoweza kufutwa. Wote walipiga pamoja chumba kimoja, sauti ikaenda mono (njia moja tu). Kuondoa ukelele wa Easton maana yake kuondoa na kila kitu kilichosikika sekunde hiyo. Dawa pekee ilikuwa kurudia wimbo mzima, na hawakurudia.

---

MatoaziMawili ameandika:

Maelezo safi mkuu. Nije kwenye dramu yenyewe.

Toleo lililowavutia vijana wa Portland si la Berry wa 1957, ni la Rockin' Robin Roberts na The Wailers wa Tacoma, 1961. (Wailers hawa si wale wa Jamaika, msije kuharibu uzi.) Ely alilisikia kwenye mashine ya santuri akalifundisha kwa wenzake kutoka kichwani, na akalikumbuka vibaya. Kwa maelezo yake, la Wailers lilikwenda moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili. Yeye akafundisha moja-mbili-tatu, moja-mbili. Pigo moja limetoka. Hilo pengo ndilo linalofanya wimbo uyumbe namna ile, na ndilo kila bendi ya garaji iliiga baadaye.

Kwa mpiga dramu maana yake hii: mzunguko mmoja ni vipimo 2 vya nne kwa nne, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) A, D, E ndogo, D. Kila kipimo kina mapigo 3 kisha 2. Gitaa na kinanda vimekwishaijaza hiyo 3-2, kwa hiyo ukiifuata na wewe kwa snea (dramu ndogo yenye mlio mkali), wimbo unakuwa gwaride. Kazi yako ni kushika snea kwenye 2 na 4, nzito, bila kupepesa, na kuacha toazi livume. Easton hafungi haihati yake (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) kwa adabu. Anapiga toazi wazi karibu wimbo mzima, ndiyo maana kuna ule ukungu wa shaba juu ya kila kitu ambao FundiMitambo ameueleza kwa lugha ya konsonanti. Sehemu ya "maneno hayasikiki" ni mkono wa kulia wa mpiga dramu.

Mwendo ni kama mapigo 120 kwa dakika, zidisha kidogo. Wengi hukosea kwa kuukimbiza.

---

Kisumu_Beat ameandika:

Poa sana. Lakini Easton alikuwa mzuri kweli ama ni bahati tu? Mimi naskia roli zake (mapigo ya mfululizo) zinaanguka anguka, kama mtu anashuka ngazi gizani.

---

MatoaziMawili ameandika:

Roli zake ni chafu, sikatai. Anaingia nyingine akiwa amechelewa, anatoka akiwa amewahi. Lakini pigo la 2 na 4 halipotei, na hilo ndilo la kulipwa mshahara.

Kisha nenda baada ya solo ya gitaa, karibu na dakika ya pili. Ely anaingia na ubeti wa tatu mapema, bendi bado haijafika. Anagundua, ananyamaza. Hapo kuna tundu. Easton analiziba kwa roli, mzunguko unakamilika, Ely anaingia upya mahali pake. Mpiga dramu ana njia tatu tu hapo. Ya kwanza, kumfuata mwimbaji, yaani kuruka vipimo. Wapiga gitaa wasipokuona unasambaratika. Ya pili, kusimama, na rekodi imekufa. Ya tatu, kuendelea kama hakuna kilichotokea na kutia roli kubwa kuwaambia wote "mzunguko mpya unaanza hapa, jipangeni." Alichagua ya tatu kwa sekunde isiyofika moja. Kwa hiyo jibu la swali lako: mikono ya wastani, masikio mazuri.

Kichekesho ni kwamba bendi zilizofuata zilijifunza kosa hilo kama sehemu ya wimbo.

---

Binti_Chwaka ameandika:

Naomba kuongeza vifaa, maana watu hudhani sauti ile inahitaji kitu cha ajabu. Siwezi kusema seti ya Easton ilikuwa ya kampuni gani, ila seti ya kawaida ya miaka hiyo ilikuwa vipande 4: kiki (dramu kubwa ya mguu) ya inchi 22, tomu (dramu ya kati isiyo na waya) ya inchi 13, tomu ya sakafuni ya 16, snea ya 14 yenye kina cha inchi 5. Ngozi za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa mji wa mvua kama Portland huo ulikuwa ukombozi, kwa sababu ngozi ya ndama hulegea hewa ikiwa na unyevu na kukaza ikikauka. Mpiga dramu wa zamani alikuwa akikaza na kulegeza skrubu usiku kucha.

Ukitaka kuukaribia mlio ule: kiki iwe na ngozi pande zote mbili, isitobolewe tundu, ndani weka kitambaa chembamba cha sufi kikigusa ngozi, usijaze mito. Snea ikaze ngozi ya chini kuliko ya juu. Toazi moja tu la inchi 20, lipigwe kwa bega la kijiti badala ya ncha. Kipaza sauti kimoja, mita 2 hivi juu. Kinachoharibu mara nyingi ni mtu kuweka vipaza sauti saba halafu anashangaa kwa nini inasikika ya kisasa.

---

Santuri45 ameandika:

Asante dada. Twende FBI.

Mwanzoni mwa 1964 mzazi alimwandikia Robert Kennedy, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, akilalamika kuhusu santuri. Gavana wa Indiana, Matthew Welsh, akaomba vituo vya redio vya jimbo lake visiupige. Vijana tayari walikuwa wakipitishiana karatasi zenye "maneno halisi", kila mji na karatasi yake, hakuna mbili zinazofanana. Hilo peke yake lingetosha kufunga jalada. Badala yake FBI ikachunguza kwa sheria ya kusafirisha vitu vichafu kutoka jimbo moja kwenda jingine. Tampa, Indianapolis na ofisi nyingine ziliandikiana, maabara Washington ikapelekewa santuri, na jalada likavuka kurasa 100. Hitimisho: maneno hayaeleweki kwa kasi yoyote, kwa hiyo huwezi kumshtaki mtu.

Anayetajwa sana kwamba hawakumhoji ni Jack Ely, ambaye ndiye aliyeimba.

---

FundiMitambo ameandika:

"Kwa kasi yoyote" wengi hupita bila kuifikiria. Uvumi ulikuwa kwamba santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ukiipiga kwenye 33 na theluthi, matusi yanatokea. Nimefanya hesabu:

Wimbo una takriban dakika 2 na sekunde 42. Ukiushusha mpaka 33⅓ unachukua dakika 3 na sekunde 39, na sauti inashuka zaidi kidogo ya nusu-toni 5 (nusu-toni ni hatua ndogo kabisa kwenye kinanda). Ukiupandisha mpaka 78 unakwisha kwa dakika 1 na sekunde 33 hivi, na sauti inapanda nusu-toni 9 na nusu.

Tatizo ni kwamba kubadili kasi hakurudishi konsonanti zilizozikwa chini ya toazi. Toazi nalo linashuka pamoja na mwimbaji, uwiano wao ni uleule. Unachopata ni baharia aliyelewa zaidi. Mtaalamu wa maabara angelijua hilo kabla ya kuwasha mashine, sijui kwa nini walihangaika.

Na ukelele wa Easton kwenye 33⅓ unanyooka, unasikika *wazi zaidi*, kwa sababu ni irabu moja ndefu iliyopigwa kwa nguvu. Waliokuwa wakitafuta maneno ya ubeti waliuruka.

---

Kisumu_Beat ameandika:

Kwa hivyo jamaa wa dramu ndiye alitukana, na hakuna mtu alimgusa. Na hii maneno ya yeye kuwa mwimbaji ilikuja aje? Picha za 1964 Easton ako mbele na saksafoni.

---

WakiliWaSanaa ameandika:

Hapo ndipo jina linachafuka, naomba tusimtukuze sana.

Agosti 1963, santuri ikiwa bado haijavuma nchi nzima, Easton aliwatangazia wenzake kwamba yeye ataimba mbele na Ely ahamie dramu. Ely alikataa. Ikatolewa karatasi: jina "The Kingsmen" limesajiliwa, na aliyelisajili ni mama yake Easton, kwa niaba ya mwanawe. Ely na Nordby wakaondoka. Dramu akakaa Gary Abbott kwa muda mfupi, kisha Dick Peterson, ambaye ndiye alidumu nayo kwa miongo.

Miezi michache baadaye wimbo ukalipuka. Dunia nzima ikataka kuiona sauti ile jukwaani, na sauti ile haikuwamo tena kwenye bendi. Kwenye televisheni Easton alikuwa akifungua na kufunga mdomo juu ya sauti ya Ely. Ely naye akazunguka na bendi nyingine akijiita Kingsmen. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1966: Ely aache kutumia jina, alipwe dola 6,000 na santuri ya dhahabu, santuri zitakazochapwa baadaye ziandikwe kwamba mwimbaji ni Jack Ely, na Easton aache kuigiza juu ya sauti yake.

Kwa vijana wenye bendi: jina la bendi ni mali kama gitaa. Andikeni mapema, wote wakiwa bado maskini, kwamba ni la nani, anayeondoka anabaki na nini, anayeingia anapata nini. Mkisubiri wimbo uvume, atakayekuwa na karatasi ndiye bendi.

---

MatoaziMawili ameandika:

Sawa wakili, lakini usimnyime haki yake. Kama mwimbaji Easton alifika namba 4 mwaka 1965 na "The Jolly Green Giant". Haikuwa jina tupu.

---

WakiliWaSanaa ameandika:

Wimbo wa kuchekesha kuhusu jitu la makopo ya mbaazi. Sina la kuongeza.

---

Binti_Chwaka ameandika:

Na pesa je? Easton na Peterson walipata nini kwenye santuri yote ile?

---

WakiliWaSanaa ameandika:

Swali zuri dada, na jibu lake ndilo linalowauma wapiga dramu wengi. Kuna haki mbili tofauti.

Haki ya utunzi ni ya aliyeandika wimbo. Richard Berry aliiuza 1959 kwa dola 750, kwa sababu alihitaji pesa za harusi, akaja kurudishiwa sehemu yake miaka ya 1980. Redio za Marekani zilipokuwa zikipiga wimbo zilimlipa mwenye haki hii peke yake.

Haki ya rekodi ni ya sauti iliyomo kwenye utepe. Redio ya kawaida ya Marekani haiwalipi waliopiga ala. Kwa hiyo Easton hata angesikika mara milioni hewani, senti yake kutoka redio ni sifuri. Njia yake pekee ilikuwa santuri kuuzwa na rekodi kukodishwa kwa filamu na matangazo, kupitia lebo (kampuni ya rekodi).

Bendi ilikuwa na mkataba wa 1968: lebo ibaki na rekodi, bendi ipate asilimia 9 ya faida au ada za leseni. Lebo ikauzwa, ikauzwa tena, na bendi haikulipwa kwa miaka kama 30. Mwaka 1993 wakashtaki. Wangeweza kudai madeni ya nyuma, lakini madai ya zamani huliwa na ukomo wa muda, ukishinda unapata miaka michache tu. Wao wakaomba mkataba wenyewe uvunjwe, kwa hoja kwamba kila kipindi cha malipo kinachopita bila kulipwa ni uvunjaji mpya. Wakashinda. Mahakama ya rufaa ikathibitisha mwaka 1998, na rekodi zikawa zao kuanzia siku ya kufungua kesi. Ya nyuma yalikwenda.

Kesi hiyo inaitwa Peterson dhidi ya Highland Music. Peterson ni yule mpiga dramu aliyekuja baada ya Abbott. Easton alikuwamo miongoni mwa wadai. Ely, aliyeimba, hakuwamo.

---

Zilipendwa_Lubumbashi ameandika:

Wakubwa, munasahau wapi ile riff (kipande kinachojirudia) ilitoka. Berry aliisikia kwa "El Loco Cha Cha" ya René Touzet, Mcuba. Ni cha-cha-cha. Mwaka 1960 Grand Kallé na African Jazz walirekodi "Indépendance Cha Cha" kule Brussels, na Afrika nzima ikacheza. Maji ya mto mmoja: Cuba ilitoka, upande mmoja ikafika Leopoldville (Kinshasa ya leo), mwingine Los Angeles.

Mpiga dramu akiondoa ile snea ya 2 na 4 na kuweka kengele na konga (ngoma ndefu za Cuba), wimbo unarudi Havana bila shida. Jaribuni. Easton alichofanya ni kutoa konga na kuweka snea ya 2 na 4. Tofauti ya rock na cha-cha-cha hapa ni mkono wa mpiga dramu tu.

---

Kisumu_Beat ameandika:

Hiyo nimependa mzee. Na kupiga marufuku muziki si Indiana tu, Dar nayo 1969 soul ilipigwa marufuku.

---

Santuri45 ameandika:

Kweli, ila ile ilihusu maadili na utamaduni wa taifa, ina uzi wake. Tusihame.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Albamu ya kwanza, *The Kingsmen in Person*, imeuzwa kama rekodi ya jukwaani. "Louie Louie" iliyomo ni ileile ya studio, wameibandikia kelele za watu. Kwa hiyo tusi la Easton lipo na humo, limefunikwa kidogo na vigelegele bandia. Mwenye santuri zote mbili alinganishe.

---

Dramu_Changa ameandika:

Wakuu shikamooni. Bendi yetu ina kazi ya harusi, bwana harusi ameomba wimbo huu. Mimi ndiye niko kwenye dramu. Nifanyeje nisiharibu?

---

MatoaziMawili ameandika:

Marahaba. Fuata hivi:

Weka mwendo 120 kichwani kabla ya kuhesabu. Kinanda kianze peke yake mzunguko mmoja, wewe ingia wa pili. Snea 2 na 4, kiki 1 na 3, usipambe. Roli fupi kila mwisho wa mizunguko 4, ianze pigo la 3 la kipimo cha mwisho na iishie kwenye 1 pamoja na toazi. Kabla ya solo mtazame mpiga solo, mkubaliane atazunguka mara ngapi, na hesabu wewe, maana yeye atasahau. Mwimbaji akiingia mapema, usimfuate.

Ukumbi wa harusi huwa na mwangwi mrefu. Toazi wazi wimbo mzima litameza maneno kama lilivyofanya Portland, kwa hiyo beti piga haihati iliyofunguliwa robo, toazi lihifadhi kwa kiitikio na solo. Beba vijiti jozi mbili za ziada, vining'inize kwenye mfuko kando ya tomu ya sakafuni, mkono wa kulia uvifikie bila kuangalia.

Na mpiga dramu asiwekewe kipaza sauti cha mdomoni.

---

Dramu_Changa ameandika:

Nimeelewa mkuu. Haihati robo, mpiga solo nimkamate kwa macho. Mfuko wa vijiti nanunua kesho.